Mashine Iliyosahau Kugeuza Mayai

Mume wangu alipofariki, watu waliacha kuniletea mayai. Hakuna aliyenieleza sababu, nami sikuuliza. Tulikuwa na chumba kimoja kinachotazama barabara ya kwenda Iguhu, nusu yake kazi yangu na nusu yake kazi yake. Upande wangu palikuwa na kompyuta, printa na meza iliyotegemezwa mguu mmoja kwa kipande cha kigae. Nilichapia watu barua, mitihani ya shule za jirani, na zaidi ya yote vitabu vya mazishi, vile vyenye picha ya marehemu juu na ratiba ya ibada ndani. Upande wake ilisimama inkubeta, mashine ya kuangua vifaranga bila kuku, ambayo aliiunda mwenyewe kwa kasha la friji bovu. Majirani walileta mayai, na baada ya wiki tatu wakarudi na vikapu kuchukua vifaranga.

Kwetu wako wanaoamini kwamba mjane ambaye matanga yake hayajafungwa hashiki mbegu ya kupandwa wala yai la kuatamiwa. Akilishika, haliangui. Sikuwa na nguvu za kubishana na imani ya mtu. Siku hizo hata nzi akitua kwenye chai yangu nilimwachia chai. Nilikuwa naamka, nachapa picha za wafu wa watu wengine, napika obusuma, ugali wa kwetu, nakula nusu, nalala. Wanawake wa kanisani walinisifu kwamba nimejikaza. Kujikaza gani? Ndani hapakuwa na kitu cha kukaza. Ni kama mguu ulioukalia vibaya kwa muda mrefu, ukiguswa unajua tu kwa macho kwamba umeguswa.

Mtu wa kwanza kuniletea mayai tena alikuwa mama mkwe. Alikuwa na kuku wake wekundu wa miguu mifupi, aina ambayo kijijini kote hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na aliwafuga tangu kabla watoto wake hawajazaliwa. Wengi wao walichinjwa kwenye mazishi ya mwanawe, maana wageni hawali maneno. Waliosalia walipitiwa na kideri, wakaisha wiki moja, wote wamening'iniza shingo. Kilichobaki ni mayai aliyokuwa ameyakusanya kwenye kikapu chini ya kitanda kabla ugonjwa haujaingia. Akayaweka mezani kwangu, juu ya karatasi za mazishi ya mtu.

"Hii ndiyo imebaki," alisema. "Ikiharibika, hiyo kuku imekwisha. Hakuna pengine nitatoa."

Nikamwambia sawa, mama. Nikayapanga kwenye trei bila kufikiri lolote. Niliona tu kwamba yalikuwa madogo na moja lilikuwa na kinyesi kikavu ubavuni.

Lazima nieleze kwamba kabla ya hapo, mashine ikiwa tupu, nilikuwa nimebadilisha mfumo wa kompyuta. Si kwa kupenda maendeleo. Printa ya zamani ilikufa, nikapata nyingine, na hiyo nyingine ikakataa katakata kuzungumza na mfumo wa zamani. Basi nikanunua diski mpya, nikahamishia kila kitu humo, nikapandisha mfumo hadi ule wa sasa. Diski ya zamani niliifunga kwa kitambaa nikaitupa kwenye droo. Printa ikafanya kazi, nami nikaendelea kuchapa wafu. Kompyuta hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa ikiendesha inkubeta, kwa programu aliyoiandika mume wangu. Joto lilikuwa na kifaa chake cha pembeni, lakini kugeuza trei ilikuwa kazi ya kompyuta: mayai yanalazwa upande huu, baada ya saa moja yanalazwa upande ule. Kuku hufanya hivyo kwa mdomo bila kufundishwa na mtu. Yai lisipogeuzwa, kifaranga kinanata kwenye gamba na kufia humo.

Mota ya trei ilikuwa na mlio wake, mngurumo kama wa mtu anayesafisha koo. Niliishi na mlio huo miaka. Ulipokosekana sikuona tofauti.

Aliyeona ni mama mkwe. Siku ya tatu au ya nne alikuja kuangalia mayai yake, mvua ya mchana ikamkamata kwangu, akaketi kwenye kiti cha wateja akimenya njugu. Mvua ilinyesha muda mrefu, ile mvua yetu isiyo na haraka. Ilipopungua akainua kichwa.

"Hii kitu leo haingurumangi?"

"Inanguruma, mama."

"Haijanguruma. Mimi niko hapa tangu mvua ianze. Ilikuwanga inanguruma, mpaka nasema huyu kijana amefuga nguruwe."

Nikaenda kutazama. Trei ilikuwa imelalia upande uleule niliouona asubuhi. Nilikumbuka kuuona asubuhi, na tena kabla ya mvua, nikapita. Nilitarajia kushtuka. Mshtuko haukuja, nikabaki nimesimama na mlango wa friji mkononi mpaka mama akaniambia niufunge, joto linatoka.

Nilianza na mota, kwa sababu ndiyo inayoshikika. Nikachomoa nyaya zake nikazigusisha kwenye betri, ikazunguka vizuri. Nikaangalia saa ya kompyuta, ikalingana na ya simu yangu. Halafu nikafungua programu yenyewe. Mume wangu alikuwa ameiwekea namba kubwa kwenye kioo, dakika zilizobaki kabla ya kugeuza. Nikaweka simu kando yake nikatazama zote mbili. Simu ilipiga dakika moja, ikapiga ya pili, ya tatu. Namba ya programu ilikaa palepale. Nikapika chai, nikarudi, ndipo ikashuka kwa moja.

Kwa hiyo saa ya kompyuta ilikuwa sahihi, ila programu iliyokuwa ndani ya kompyuta hiyohiyo ilikuwa na saa yake, iliyochelewa vibaya. Dakika moja yake ilikuwa kama robo saa yetu. Mayai yaliyotakiwa kugeuzwa kila saa yalikuwa yanageuzwa mara moja mchana na pengine mara moja usiku.

Nilifanya yale ambayo fundi yeyote angefanya. Nilizima mipangilio ya kubana stima, nikidhani mfumo mpya unailaza kompyuta bila ruhusa. Nikasimamisha ukaguzi wa virusi. Nikafunga kila kilichokuwa wazi. Nikauliza kwenye kikundi cha mafundi mtandaoni, na bwana mmoja akanijibu kwamba dawa ni kununua mashine mpya. Wako watu ambao ukiwaambia mlango unalia watakushauri ujenge nyumba nyingine. Kila nilipobadilisha kitu nilikaa tena na simu, nikitazama namba isiyoshuka.

"Sasa tutafanya nini?" mama aliuliza.

Kitufe cha kugeuza trei kwa lazima hakikuwapo. Mume wangu hakuona haja yake. Nikamwambia njia iliyopo ni kuyageuza kwa mkono, moja moja, mpaka nijue ubovu uko wapi. Nikamwambia pia kwamba ingefaa ayageuze yeye.

Alinielewa. Hakujifanya hajui wanachosema watu. Alitoa kipande cha makaa jikoni kwangu, akanikalisha mbele ya mashine.

"Mimi nimezika bwana, nikazika mtoto," alisema. "Mkono gani mbaya kushinda wangu? Shika."

Nikashika. Akanionyesha kuchora alama upande mmoja wa kila yai ili tusigeuze moja mara mbili na kuliacha jingine. Yalikuwa ya moto kidogo, kama paji la uso la mtoto mwenye homa ndogo. Tuliyageuza hivyo siku hiyo na siku iliyofuata, yeye akija asubuhi na kuondoka kukiingia giza, mimi nikitoka kwenye printa kila baada ya saa moja. Usiku tuliyaacha, alisema hata kuku hulala. Wateja waliokuja kuchukua vitabu vyao vya mazishi walituona. Mmoja alitazama mikono yangu ndani ya mashine, akatazama kichwa changu kilichonyolewa, akachukua karatasi zake bila kuzihesabu. Nilijua yatakayosemwa mayai yakioza. Nilijua pia kwamba hayatasemwa kuhusu kompyuta.

Siku ya pili ya kazi hiyo ndipo nilipoikumbuka diski ya zamani. Nilizima kompyuta, nikaifungua ubavu, nikachomoa diski mpya, nikaitoa ile ya zamani kwenye droo na kuichomeka. Mfumo wa zamani ukaamka na picha yetu ileile nyuma ya kioo, sisi wawili tukiwa tumekunja nyuso kwa jua. Nikafungua programu ya mayai, nikaweka simu kando. Dakika moja, namba ikashuka kwa moja. Dakika nyingine, nyingine.

Hapo nilijua mashine haina kosa, wala programu haijaharibika. Kosa lilikuwa katikati yao. Ila bado sikujua ni lipi, na kurudi kwenye mfumo wa zamani moja kwa moja kungeniacha bila printa, yaani bila ugali. Nikaamua kufanya kinyume cha nilichofanya mwanzo: katika mfumo ule unaofanya kazi, nizime kitu kimoja kimoja mpaka uharibike. Nikafungua orodha ya kila kinachoendeshwa chinichini. Kilichofuata kilikuwa kazi ya kuchosha. Unazima, unatazama simu, namba inashuka vizuri, unazima kingine. Mama alikuwa amelala kitini mdomo wazi.

Kisha nikazima programu ya muziki, na namba ikasimama.

Nikaiwasha, ikaanza kushuka. Nikaizima, ikasimama tena. Nilirudia mpaka aibu ya kurudia ikaniingia. Sikujua kwamba programu ya muziki ilikuwa inacheza. Chumba kilikuwa kimya. Nikaangalia kwenye kioo: wimbo ulikuwa unakwenda, mstari wake mdogo unasogea. Ndipo nikakifikia kitufe cha spika, kile cha kuzungusha, nikakuta kimerudishwa hadi mwisho.

Mume wangu hakufanya kazi bila muziki. Alipenda isukuti, ngoma yetu ya kienyeji, si ile ya kurekodiwa studio, bali aliyoirekodi mwenyewe kwa simu kwenye harusi na matanga ya watu, upepo ukivuma ndani yake na mtu akipiga kelele kuomba nafasi. Aliipanga iwake yenyewe kompyuta inapowaka, ijifiche pembeni na kuzunguka bila kikomo. Nilimlalamikia mara nyingi, nikamwambia wateja wangu wa mazishi hawawezi kuchagua picha ya mzee wao huku ngoma zinawakatisha viuno. Siku alipofariki, wanawake waliokuja kuniliwaza ndio waliopunguza sauti, kwa heshima. Hakuna aliyeizima. Na hakuna aliyeongeza sauti tena. Ilikuwa imecheza miezi yote hiyo bila sauti, karibu na kiwiko changu. Hata kwenye diski mpya ilikuwa inacheza.

Nikazungusha kitufe. Ngoma zikajaa chumbani na mama mkwe akaruka kutoka kitini.

Nilitaka kupunguza, akanizuia kwa mkono. Akasikiliza akiwa amesimama, kichwa upande mmoja.

"Hiyo ni harusi ya binamu yake, kule Khwisero," akasema. "Alikunywanga siku hiyo mpaka akalala kwa mtaro na simu mkononi, bado inarekodi."

Ilikuwa kweli. Mwishoni mwa wimbo ngoma zilisikika kwa mbali na kilichobaki ni vyura.

Sababu nilikuja kuisoma baadaye alasiri hiyo, kwenye maelezo ya watengenezaji wa mfumo, na nikaelewa baada ya kusoma mara kadhaa. Programu ya mume wangu haikuwa inaangalia saa. Ilikuwa inalala usingizi mfupi sana, sehemu moja ya elfu ya sekunde, inaamka, inajihesabia moja, inalala tena. Hesabu ikitimia saa nzima, inageuza trei. Lakini kompyuta ina mapigo yake, na programu iliyolala haiamshwi mpaka pigo lipige. Mapigo ya kawaida ni ya polepole, kwa hiyo anayeomba kulala kidogo hulazwa mara kumi na tano ya alichoomba, naye akiamka anahesabu moja tu, hajui kwamba amepitiwa. Muziki hauwezi kuishi hivyo, utakatikakatika. Kwa hiyo programu ya muziki huomba mapigo yaharakishwe. Katika mfumo wa zamani, mmoja akiomba, mapigo huharakishwa kwa wote. Mfumo mpya umebadilisha utaratibu: anayeomba ndiye anayepewa, na asiyeomba abaki na mwendo wake.

Yaani mayai ya kijiji kizima yalikuwa yakigeuzwa kwa wakati kwa sababu ya ngoma. Mume wangu aliijaribu mashine yake muziki ukiwa umewaka, kwa kuwa hakujua kuishi vinginevyo, akaona inakwenda sawa na saa, akaridhika. Hakuna fundi mwingine ambaye angefanya kosa hilo na asiligundue mpaka kaburini.

Nilikasirika. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na kwa sababu lilikuwa jambo geni, kusikia kitu kikipanda kifuani baada ya miezi ya ganzi. Nilimkasirikia yeye. Mtu mzima, aliyesomea umeme, anayeshinda akiwahubiria wengine habari ya vipimo, anaandika saa isiyoangalia saa! Nilisema kwa sauti, "Wewe bwana, wewe bwana," na mama mkwe, ambaye hakuelewa habari ya mapigo hata kidogo, akanijibu kwamba hata shuleni alikuwanga hivyo, hesabu sahihi na njia haionekani.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Nilirudisha diski mpya, nikafungua maandishi ya programu yake, na pale juu, kabla ya usingizi wa kwanza, nikaandika agizo la kuomba mapigo ya haraka kwa jina lake yenyewe. Ningeweza kuiandika upya yote iangalie saa kama mashine zenye akili. Sikutaka kumgusa zaidi ya hapo. Nikaiwasha, nikaweka simu kando, namba ikashuka. Saa ilipotimia mota ikasafisha koo lake, trei ikalala upande wa pili. Mama akasema haya, akavaa gambuti zake za mvua akaenda kukama.

Nilipoyamulika mayai kwa tochi wiki iliyofuata, kadhaa yalikuwa na duara jekundu ndani, alama ya kifaranga aliyeanza akafa. Mengine yalikuwa na mishipa kama mizizi. Mengine sikuweza kuyasoma. Nilimwonyesha mama yote, hata mabaya. Akayatoa yale yenye duara, akayazika nyuma ya choo, wala hakuyatupa.

Siku ya kuanguliwa alikuja asubuhi na kikapu. Tuliketi. Gamba la kwanza lilipasuka kabla ya saa sita, tukaona mdomo, kisha kimya kirefu. Mengine yakafuata. Mengi hayakufanya lolote. Hadi jua lilipoanza kushuka vifaranga vilikuwa vichache, vingeweza kutosha kwenye sufuria ya chai, vimelowa, vinaangukiana, na miguu yao mifupi huwezi kuikosea. Mama alinyanyua mmoja akamgeuza tumbo, akamtazama miguu, akamrudisha. Kisha akajifuta macho kwa ncha ya leso yake. Nilikuwa nimeifanya huzuni ile yangu peke yangu, kana kwamba yeye alikuwa mgeni tu kwenye matanga.

Nikavuta kikapu chake ili niwapange. Akakirudisha nyuma kwa mguu.

"Hawa ni wako."

"Mama, hawa ndio wamebaki."

"Si ndiyo nasema. Wakae kwako, kwa boma yako. Mimi nikipata mgeni, nitakuja kukuomba kuku."

Alisema hivyo akitazama vifaranga, si mimi. Kwetu anayeombwa kuku ni jirani mwenye boma, mtu ambaye hataondoka. Shemeji zangu walikuwa wamekwisha kuanza kuuliza, kwa upole wao, kama kwetu nilikozaliwa bado kuna nyumba yangu. Hakuna aliyekuwa amelitaja mbele ya mama, na yeye sasa alilijibu bila kuulizwa.

Akasimama aende. Mimi nilikuwa natazama wale viumbe kwenye trei. Zamani vifaranga vya majirani vilichukuliwa siku ileile ya kuanguliwa na havikuwahi kulala kwetu, na maswali ya kuvilea mume wangu ndiye aliyeyajibu. Nilijua mapigo ya kompyuta. Hawa sikujua lolote juu yao.

"Mama," nikamwita, akiwa mlangoni. "Wanakula nini?"

Tangu mazishi nilikuwa nimewauliza watu mambo mengi, majina ya marehemu, nakala ngapi, rangi au nyeusi. Hilo lilikuwa swali la kwanza ambalo nilitaka kusikia jibu lake. Mama akarudi, akaweka kikapu chini, akaketi.